Salamu Kwanza, Dakika Sita Baadaye

Saa mbili kasorobo asubuhi, Spès Ninahazwe anaweka bidoni, yaani dumu, la njano kila mwisho wa korido. Anapima nafasi iliyo kati ya hayo mawili kwa utepe wa fundi cherehani. Mita thelathini kamili. Jana zilikuwa thelathini, na juzi pia, lakini kila asubuhi hupima upya.

"Mama Consolée," anaita. "Anza kusalimia."

Consolée Akimana, mkulima wa Nyakabere mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, anainuka. Leo hana fimbo. Anapita mbele ya benchi la wagonjwa wanaosubiri na kushika mkono mmoja baada ya mwingine. *Mwaramutse*, anawaambia wale anaowajua kuwa ni wasemaji wa Kirundi. Wengine anawaambia *Jambo*. Anauliza kama homa ya mtoto imepungua, kama mvua imenyesha kule kwao, kama shemeji amerudi safari.

Spès anasubiri. Saa iliyo kwenye simu yake bado haijaanza kuhesabu.

"Umemaliza bote?"

"Bote."

"Na yule ya nyuma ya mulango?"

"Yule iko mulinzi wenu, docta. Tulishasalimiana kwa geti. Unataka nimuchoshe?"

Benchi zima linacheka.

"Haya. Dakika sita. Twende."

Consolée anaondoka kwa hatua ndefu, na hamtazami mtu.

Spès ana miaka thelathini na mitatu. Ni mtaalamu wa kurudisha viungo katika hali yake baada ya ajali au ugonjwa, kazi ambayo mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, huitwa kiné. Kwa miaka tisa amekuwa katika kituo kimoja cha afya katika mtaa wa Mulongwe. Huletewa walioanguka na pikipiki, walioangukiwa na kuta za nyumba mto ulipofurika, na wakwezi wa michikichi waliokatikiwa na kamba.

Kwa miaka miwili sasa amekuwa pia mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kimoja mjini Bujumbura, ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira. Utafiti wake umetoka kwenye swali ambalo wagonjwa humuuliza kila siku: mfupa ukishaunga, misuli inahitaji muda gani kabla mtu hajarudi shambani bila kuumia tena?

"Vitabu vinajibu," anasema kwa sauti ya chini. "Lakini vinajibu juu ya batu ba kwingine. Minye nataka kujua juu ya muntu mwenye anabeba mihogo kwa mugongo."

Kipimo anachotumia kinajulikana katika nchi nyingi. Mgonjwa anatembea dakika sita, kwenda na kurudi, kwa kasi anayoiweza. Akichoka anaruhusiwa kusimama, na saa inaendelea. Mwisho zinahesabiwa mita. Kila mgonjwa aliposimama, Spès aliandika neno moja kwenye daftari: mapumziko.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo lilimgharimu mtu mwingine kabla ya kumgharimu yeye.

Consolée alivunjika paja pikipiki iliyombeba pamoja na magunia yake ya mihogo ilipoteleza kwenye matope. Miezi saba baadaye aliweza kuinuka kitini mara tano mfululizo bila kushika kitu, ishara kwamba paja limepata nguvu. Lakini kwenye korido alitembea mita 251 tu, na alisimama mara kumi na moja.

Spès alizitazama namba mbili zinazopingana na akaiamini ile ya kutisha. Alimwambia asishike jembe bado.

"Nilimutii," anasema Consolée. "Kwetu docta akisema ukae, unakaa. Shamba ikaota majani. Musimu muzima wa mahindi, nilikuwa nauangalia kwa mulango."

Wagonjwa arobaini na sita walipimwa hivyo kwa miezi kumi na minne. Kisha Spès akavuka mpaka na jedwali lake, akaliweka mbele ya msimamizi wake, Profesa Déogratias Habonimana. Mzee huyo alilisoma hadi chai yake ikapoa.

"Mwanangu," akauliza hatimaye, "kwa nini watu wa Uvira misuli yao inalegea kila Jumatano?"

Profesa hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba jedwali likibaki vile, hawezi kulipeleka mbele ya jopo la watahini.

Njia nzima ya kurudi Spès aliwaza Jumatano ina nini. Alipoingia kituoni alifungua daftari la zamu, akalinganisha tarehe moja moja. Jumatano ni siku ya kupima watoto uzito. Korido hujaa akina mama kutoka benchi hadi mlangoni. Siku korido ilipokuwa tupu, wagonjwa walitembea vizuri. Siku ilipojaa, walisimama.

Alidhani ni msongamano. Ili awe na hakika, alimwita Consolée na kumuuliza.

"Mama, siku ile ulisimama mara kumi na moja. Muguu ilikuwa inauma?"

"Hapana."

"Pumzi ilikatika?"

"Hapana, docta."

"Sasa ulisimama juu ya sababu gani?"

Consolée alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Si nilikuwa nasalimia batu? Nitapita mama mwenye iko na mutoto mugonjwa kama vile napita mbuzi? Na weye ulikuwa pale pale, ulituona!"

Spès aliketi. Alikuwa ameona kweli. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa bonde la Ruzizi, na hajawahi kumpita mtu bila salamu tangu alipojua kusema. Lakini akiwa na saa mkononi alikuwa ameona misuli tu.

"Nilifundishwa kuangalia muguu," anasema. "Nikasahau kuangalia mukono."

Alimwomba Consolée msamaha kwa ajili ya mahindi yale. Consolée akasema, "Mahindi itaota tena. Lakini bengine, docta? Benye uliandikia kama minye? Anza na bao; minye nitangoja mupaka musimu ungine."

Lionel, kiné mwenzake, aliona njia fupi. "Dada, futa Jumatano zote. Bale ba Bujumbura batajuaje?"

"Minye nitajua," Spès akamjibu. "Na kuna muntu mungine iko anakaa kwa mulango anaangalia majani."

Wagonjwa wengine ishirini na tisa walihitaji kupimwa upya, nao walikuwa wametawanyika bondeni na milimani. Kwa wiki kumi na moja, kila siku aliyokuwa na mapumziko, Spès alipanda pikipiki na mabidoni yake mawili na utepe wake. Nauli aliitoa mfukoni mwake. Kule Mulenge alipima mita thelathini kwenye njia ya ng'ombe. Mfugaji mmoja aliyewahi kuvunjika goti alizimaliza dakika sita, akageuka na kumuuliza kwa mshangao: "Ni hii tu ulifuatia huku juu?"

Kila mahali utaratibu ulikuwa mmoja. Kwanza mgonjwa anazunguka na kusalimia kila aliyekuja kutazama. Wakimaliza, saa inaanza.

Aliwapata wote ishirini na tisa. Kumi na wanane kati yao walikuwa na nguvu ya kutosha kurudi kazini, na baadhi walikuwa nayo tangu zamani.

Profesa Habonimana alilipokea jedwali jipya, lililobakiza mstari wa Consolée tu, na akatoa agizo moja tu: habari ya salamu isifichwe kwenye tanbihi. Iwekwe katika sura ya mbinu za utafiti, pamoja na kosa lenyewe, ili atakayekuja nyuma asilirudie. Spès atautetea utafiti wake mwezi ujao. Baada ya hapo anapanga kutengeneza kipimo kingine, cha kutembea na mzigo mgongoni, "sababu hakuna muntu wa kwetu anaendaka shamba mikono mitupu."

Simu inalia. Dakika sita zimekwisha. Spès anahesabu, anahesabu tena, kisha anaandika: mita 408, hakusimama.

"Mama Consolée, rudia jembe lako."

Consolée anafunga kitenge vizuri kiunoni, anachukua mkoba wake na kuanza kutoka. Lakini benchi limejaa watu wapya waliofika alipokuwa akitembea. Anasimama kwa wa kwanza, ananyoosha mkono. Anasimama kwa wa pili.

Mita thelathini zile zile zinamchukua robo saa. Spès amekwisha kuitia simu mfukoni.