Vidole Viwili vya Kukua

Miaka kumi na minne Rachidi alishona nguo moja. Sisemi aina moja ya nguo. Nasema nguo moja: kaptula na shati la kaki la mwanafunzi wa shule ya msingi, kola ndogo, mfuko mmoja, vifungo vitano. Baraza lake la kushonea lilikuwa mtaa wa Jabe, hatua chache kutoka sokoni, na aliyemtafuta hakuhitaji kuuliza njia, alifuata wimbo aliokuwa akiimba. Milio ya bunduki ikianza kule juu, upande wa Carama, alisimamisha mashini, akasikiliza, akasema "iko mbali," akaendelea na ubeti wa pili.

Mimi nilikuwa nashinda kwenye benchi lake. Vita vilifunga chuo changu cha biashara nikiwa na nusu ya diploma, na nusu ya diploma haina ofisi inayoitaka. Kazi yangu ikawa kumsumbua.

"Kaka Rachidi, hauchoki?"

"Kuchoka na nini? Nashona, nakula, nalala. We unataka nini ingine?"

"Hata hii mashini ingejibu hivyo hivyo."

Akacheka. Mtu anayecheka ukimchokoza anakuharibia kazi.

Kaki ilikuwa na sheria yake. Unampima mtoto, halafu unaongeza upana wa vidole viwili: mabegani, kiunoni, kwenye mikono. Pindo unalikunja mara mbili. Ilikuwa miaka ya ambargo, vikwazo vya majirani, mipaka imefungwa, kitambaa hakionekani, na mzazi alitaka nguo ya mwaka huu ifike hata mwaka wa tatu. Mtoto akianza kulia kwa kupotea ndani ya shati lake, Rachidi alimwambia, "Utakulia mo," yaani humo humo ndani. Na kweli, walikulia mo.

Siku moja mkewe, Assia, alileta chakula, nikamuuliza kama mumewe anaota kaki hata usingizini.

"Shemeji," akasema, bila kucheka, "chini ya kitanda yetu kuko karatasi za mifuko ya simenti. Amezikata zote mafasoni ya kukatia kostimu, suti kamili. Koti ya vifungo viwili, koti ya vifungo sita. Tangu mbele hajanioa."

Mashini iliendelea. Wimbo ndio ulionyamaza.

"Sasa kwa nini hujashona hata moja?" nikamuuliza Rachidi.

Alikata uzi kwa meno. "Kaki haijanikatala hata siku moya."

Hapo nikaanza kumwelewa, na nikaona aibu kidogo kwa maneno yangu yote ya benchi. Aibu hiyo haikudumu. Wiki iliyofuata Jovithe, mwalimu wa shule moja ya Gihosha, alikuja kuuliza ni nani Jabe anashona kostimu. Alikuwa anaoa baada ya majuma mawili. Fundi wake wa mjini alikuwa amekimbia vita kuvuka mpaka, na haijulikani atarudi lini. Kitambaa alikuwa nacho kwapani, cha kijivu. Mjomba wake alikihifadhi tangu kabla ya vita, na kingine kama hicho hakikuwepo mji mzima.

"Fundi ni huyu," nikasema, kabla Rachidi hajafungua mdomo.

Rachidi alikishika kitambaa kile. Akakipitisha kati ya vidole, akakipeleka kwenye mwanga. Nilidhani atakirudisha.

"Vua koti, mwalimu," akasema. "Nikupime."

Siku kumi hakuimba.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, Jovithe alitoka nyuma ya pazia amevaa. Mikono ya koti ilimfika kwenye ncha za vidole, mabega yalikuwa yamelala, suruali imemwagika juu ya viatu. Bwana harusi alijitazama muda mrefu kwenye kioo.

"Fundi," akasema polepole, "hii nguo mi naijua. Ni ya mwaka wa kwanza, siku ya kufungua masomo."

Rachidi akamshika begani. Vidole viwili. Kiunoni, viwili. Akageuza pindo: limekunjwa mara mbili. Mkono wake ulikuwa umeongeza wenyewe, bila kumuuliza. Mimi nilikuwa na mzaha tayari, mnaujua, maneno mawili tu. Nikaumeza.

Aliyeusema ni yeye. "Nilifikiri utakulia mo, mwalimu." Kisha akapiga magoti, akaanza kubandika pini. "Kubwa inapungua. Ndogo ndiyo haiponi. Uniachie kesho."

Ijumaa alifumua kila mshono, akashona upya. Jumamosi nilikuwa kanisani, mimi na Assia nyuma kabisa, na koti la kijivu lilimkaa Jovithe kama alizaliwa nalo. Rachidi hakuja. Alisema ana kaki za kumaliza.

Kaki hakuiacha; Agosti oda za shule zilikuja kama kila mwaka, na wanawe nyumbani walikuwa wanakula kama kawaida. Lakini Ijumaa moja baada ya sala, alikuja msimamizi wa harusi ya Jovithe na kitambaa cha bluu. Rachidi alisogeza kaki pembeni ya meza. Akampima kifua, akaandika kwa chaki. Nikaona mkono wake unarudi kuongeza, vidole viwili vimeshanyooka.

Ukasimama hewani.

"Apana," akajiambia. "Huyu amemaliza kukua."

Akachukua mkasi.