Kitabu cha picha cha wachora nyumba karibu kimuue mzee wangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Gisenyi.

Mimi ni bibi mwenye wajukuu, shule niliiacha mapema, Kiswahili changu ni cha Goma nilikokulia. Atakayekuja kusahihisha herufi apite pembeni. Ninayosema yametokea uani kwangu, sikuhadithiwa.

Nimechoka na wachora nyumba. Nimechoka kabisa.

Mzee wangu alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Akarudi kutoka hospitali na kiti cha magurudumu.

Sasa nyumba yetu iko juu ya fondasyo, msingi wa mawe ya volkano, na msingi wenyewe ni wa juu. Hapa maji ya mvua yakishuka mlimani hayaulizi nyumba ni ya nani. Tena ni heshima. Mtu wa huku akipita kwako anatazama kwanza mawe, ndipo atazame bati.

Kwa hiyo kila akitaka kutoka, majirani wanambeba. Mtu aliyeendesha boti ya mizigo ziwani miaka yote, anashikwa makwapa kama gunia la viazi vya Bugeshi.

Akaacha kutoka. Kanisani hapana. Kwa rafiki zake mwaloni hapana.

"Mama Espérance," akaniambia, "mi si muzigo. Niache humu ndani."

Bon. Nikaamua tujenge njia ya mteremko mlangoni, kiti kipande na kushuka bila kubebwa.

Nikamwita Fidèle, kijana wa mtaa wetu. Anachora nyumba za watu, yeye mwenyewe anataka aitwe architecte. Ana akili, sikatai. Akafungua kitabu kwenye simu yake. Kumbe kuna sheria za ujenzi, na kuna watu walikaa wakazitia kwenye picha ili wachoraji wazielewe upesi. Mlango una picha yake, choo kina picha yake, ngazi vilevile.

Nikafurahi. Nikasema picha hata mimi nasoma.

Kwenye picha ya mteremko kuna mtu kwenye kiti, anapanda, anacheka. Mteremko wenyewe mfupi, mzuri. Pembeni kuna mishale na namba ndogondogo.

Fidèle akaongea. Pente, ratio, moja kwa kumi na mbili. Mi natikisa kichwa, Bosco mwashi wetu naye anatikisa. Fidèle akaona vichwa viwili vinatikisika, akadhani vimeelewa. Akamtumia Bosco ile picha kwenye WhatsApp, akaenda kwenye kazi yake Kanama.

Hapo ndipo upuuzi ulipoanza.

Bosco aliweka simu juu ya tofali akajenga kama picha. Umbo lilelile, ufupi uleule. Namba aliziacha kwenye simu.

Kumbe picha ile imefinywa ili itoshe ukurasa! Inaonyesha umbo tu, urefu wa kweli uko kwenye namba. Wachora nyumba wanalijua hilo tangu shuleni, hawawazi kama kuna mtu asiyelijua.

Saruji ilipokauka mzee alinyoa ndevu. Akavaa koti. Akasema atashuka mwenyewe, nisimguse.

Kiti kilikimbia kama kimefukuzwa. Bosco akajitupa mbele yake, wote wawili wakaishia kwenye lundo la mchanga. Mungu alisaidia, hakuna aliyevunjika.

Lakini mzee akarudishwa ndani amebebwa, koti limejaa mchanga.

"Nilisema uniache humu," akaniambia. Hakunitazama.

Nikampigia Fidèle. Nikamwambia njoo, na hicho kitabu chako.

Akaja, akashika kichwa. "Mukecuru, bibi yangu, hii si ile nilisema. Hii pente iko kali, hata mutu muzima anaanguka. Mukaguzi wa serikali hapa umurenge akiiona atasema mubomoe."

"We ulisema nini?"

"Moja kwa kumi na mbili."

"Fidèle. Nakuuliza ulisema nini ya mutu kuelewa."

Bosco akamwekea simu usoni. "Patron, picha yako njo nilijenga. Tazama. Yako mufupi, yangu mufupi. Na huyu mutu wako anacheka."

"Hacheki juu ya ufupi, Bosco."

"Sasa anacheka nini?"

Nikawaacha. Nikaenda jikoni nikaleta ndoo ya majivu. Nikamwambia Fidèle chora hapa chini, kwa ukubwa wake wenyewe. Simu weka mfukoni.

Akakata fimbo sawa na kimo cha fondasyo. Akailaza chini kuanzia mlangoni, akailaza tena mbele yake, hivyo hivyo mara kumi na mbili, mi nafuata nyuma namwaga majivu. Tukapita kamba ya nguo. Tukafika geti, fimbo bado zinadai. Tukatokea barabarani. Mwanamke anayeuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, akasimama na beseni kichwani.

"Munapima kaburi ya nani?" akauliza.

Bosco alikuwa anatazama mstari wa majivu, halafu kazi yake, halafu mstari.

"Ayi we," akasema. "Donc huyu mutu wa kitabu, nyumba yake haina mawe."

"Iko na mawe kidogo tu," Fidèle akasema.

Akapendekeza tushushe sakafu. Nikamwambia hilo sahau, mvua italala kitandani kwangu wewe ukiwa Kanama. Akarudi kwenye kitabu, akakuta ukurasa wa mteremko unaokunja kona. Safari hii hakuhubiri. Aliomba majivu.

Akachora kando ya ukuta, kona, mahali pa kupumzikia, kisha kurudi. Kibanda changu cha kuku kilikuwa katikati. Kikaenda.

"Kona hiyo haitoshi." Sauti ilitoka dirishani. Mzee alikuwa anatutazama muda wote.

Fidèle akaleta kile kiti cha magurudumu, akakikalia mwenyewe, akageuka. Gurudumu likavuka majivu. Akapanua kona, akageuka tena, mpaka mzee akasema basi.

Bosco akabomoa ule mteremko wa kwanza, akajenga juu ya majivu.

Jumapili moja nimeshavaa vya kanisani, namtafuta mzee. Chumbani hayupo. Barazani hayupo. Naita, kimya. Nikashuka mbio.

Nilimkuta nje ya geti, amevaa lile koti, anabishana na mwanamke wa sambaza juu ya nani anajua ziwa.

"Mbona hukuniambia unatoka?"

"We ukitoka unaniambia?"

Nikarudi ndani kufunga mlango.

Wachora nyumba mliomo humu, sheria ni nzuri na picha zenu ni nzuri, ila picha ya kwenye ukurasa ni yenu ninyi. Sisi wengine tuchorieni chini, kwa ukubwa wake, kabla mtu hajagusa saruji. Na tukitikisa vichwa msituamini, tunaona aibu kuuliza.

Waliojenga mteremko kwenye kiwanja kidogo waseme wao walipitishia wapi. Na mwenye wazo la kibanda cha kuku alilete, maana wangu mpaka leo wanalala jikoni.