Maziwa Bure Pale Roret

Mimi niliacha shule darasa la tatu na sijamwomba mtu msamaha. Majani chai nimechuma tangu utotoni, nyumba nimejenga ya mawe, na ng'ombe wangu wanajulikana. Lakini kuna kitu sikuwa nimefanya maisha yangu yote: kumwambia mtu, nunua. Majani unapeleka kituoni, karani anapima, unaenda zako. Maziwa yanachukuliwa na gari la ushirika hapo kwa geti. Hakuna mtu wa kukuambia hapana.

Juzi juzi, nikiwa na miaka sitini na saba, nikaamua kufungua duka la maziwa pale sokoni Roret. Nikaamua, halafu nikaogopa. Friji ilikaa dukani wiki tatu, mlango umefungwa. Leo nasema ni mvua, kesho nasema kuna matanga. Mke wangu akachoka.

"Mzee, hiyo friji unaichunga? Itazaa?"

Nikakasirika, nikanunua rangi. Ubao niliuandika mwenyewe, maana ukimwita mtu akuandikie ataanza kukufundisha. Nilitaka watu wajue maziwa yangu ni pure, hayajaonja maji. Nikaandika herufi kubwa, zinazoonekana mpaka ng'ambo ya barabara: MAZIWA BURE.

Asubuhi ya kufungua nikakuta foleni. Chupa, sufuria, mitungi. Kifua kikafura. Nikasema, kumbe biashara ni rahisi hivi! Wa kwanza alikuwa kogo mmoja, ndivyo sisi huwaita nyanya zetu. Nikamjazia mtungi, akaniombea baraka, akageuka aende.

"Kogo, na pesa?"

"Pesa ya nini, na umeandika bure?"

Foleni yote ikacheka. Nikatoka nje nikaukagua ule ubao. Sikuona kosa. Mke wangu alikuwa amefika, amejiziba mdomo na leso.

"Umeweka B mahali pa P," akasema.

"Si ndivyo inasemwa?"

"Ni wewe unasema hivyo. Wewe na ukoo wenu mzima."

Basi kile nilichokimbia wiki tatu kilikuwa kimenipata, mbele ya soko. Nikashika ufunguo. Najijua: ningefunga siku ile, singefungua tena. Nikawatazama wale watu. Hawakuwa na ubaya. Hata mimi, kama ubao ungekuwa wa mwingine, ningecheka. Tena kucheka kwenyewe kulikuwa kama ile mvua yetu ya mchana, inakulowesha na unaendelea kuchuma.

Nikapaza sauti: "Leo ni bure! Kesho ni pure!"

Lakini kinywani mwangu hayo maneno mawili ni moja, kwa hivyo wakacheka upya. Nikawaeleza polepole kama watoto: leo hulipi, kesho unalipa. Nikapima mpaka friji ikabaki tupu.

Kesho yake hakuja mtu. Nilipangusa meza ile ile mara sita. Jua limepanda, nikamwona kogo anakuja na mtungi wake.

"Leo ni ile nyingine?"

"Leo ni ile nyingine, kogo. Unalipa."

"Basi jaza vizuri. Ya jana nusu ilikuwa povu."

Nikajaza mpaka shingoni, nikapokea pesa yake. Halafu, bila kutumwa na mtu, nikamwuliza kama hataki na maziwa lala kidogo, yameganda mazito, ya jana jioni. Akafikiri, akasema nimpe.