Barua Fupi ya Fundi Kisilu

Kisilu, fundi wetu wa pampu, hapendi maneno. Umwulize habari za nyumbani, atakujibu "nzuri," na basi, utadhani neno la pili linatozwa ushuru pale mpakani Lunga Lunga. Wazazi wake ni Wakamba waliokuja huku kutafuta shamba. Yeye kazaliwa hapahapa, lakini maongezi ya pwani yalimpita kando. Miaka kumi na minane anatutengenezea pampu ya kisima, na sijamsikia akijisifu.

Mwaka jana pampu ikafa. Mimi, Mwanatumu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, na barua naandika mimi. Jamani, niliandika! Shikamoo kwa mkuu wa ofisi ya maji, dua kwa familia yake, shukrani za tangu kisima kuchimbwa. Shida yetu niliitia ukurasa wa pili, chini kabisa, maana mtu humpigi hodi ukamwomba papo hapo.

Baada ya mwezi likaja jibu: "Tumepokea salamu na shukrani zenu. Asanteni."

Nikaandika nyingine, ndefu zaidi. Kimya. Huku tunakunywa maji ya bwawa pamoja na ng'ombe, na mjukuu wangu Mwanaima anaharisha siku ya nne.

Kisilu akaja na karatasi.

"Shikamoo, mama. Tia sahihi hapa."

Nikasoma: "Pampu yetu haitoi maji tangu Machi. Mabomba mawili yamepasuka. Watu mia mbili wanakunywa maji ya bwawa, na watoto kumi na mmoja wametibiwa kuhara mwezi huu. Tunaomba mabomba mawili. Fundi tunaye, atayafunga kwa siku moja."

"Kisilu! Hata salamu? Watasema Wadigo hatukufunzwa!"

"Mama, yule mkuu ana barua tele mezani. Akifungua yetu, akutane na shida kwanza. Halafu aone kutusaidia si kazi kubwa."

"Na adabu je?"

"Adabu nitaipeleka kwa mdomo."

Kwa mdomo! Mdomo upi? Nilikataa, tena kwa hasira. Lakini Mwanaima alikuwa begani mwangu, mwili umelegea, hata kulia hawezi. Nikatia sahihi.

Tulikwenda pamoja Kwale, kwenye ofisi ya maji. Na huyo bwana wa neno moja, wallahi, akamwamkia mkuu, akamwuliza habari za wazazi, watoto, mifugo, mvua, akamwombea dua, neno kwa neno kama nilivyoandika mimi. Kumbe nakala za barua zangu kwenye faili la kamati alizisoma akazishika! Jasho lilimtiririka. Ndipo akatoa karatasi.

Wiki ya pili likaja jibu: "Mabomba yatafika Jumanne."

"Hata salamu hawana!" nikafoka. Kisilu akacheka mpaka akaketi chini.

Jumanne alasiri maji yakatoka. Nikamnywesha Mwanaima, akamaliza kikombe, akataka kingine. Nilikuwa nimemwandalia Kisilu dua na sifa za kutwa nzima. Nikamgeukia.

"Asante," nikasema, na basi.