Kompaila na Maktaba Yake

Siku yangu ya kwanza ofisini Ifakara, Mkuu wa Kitengo hakuniuliza cheti. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akachomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta yangu. "Haya, tengeneza programu hapo." Nilikuwa na kompaila, yaani chombo kinachotafsiri tunachoandika kuwa lugha ya mashine. Maktaba yake sanifu, vile vipande vilivyokwisha kutengenezwa vya kusoma namba na kutaja saa, nilitegemea kuishusha mtandaoni. Nikagonga mwamba.

"Kila kompaila ina maktaba inayolingana nayo," alisema. "Fungasha vyote pamoja, halafu ujaribu kwenye mashine tupu, isiyo na kitu wala mtandao." Nilimwona mkorofi kweli.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa kituo cha Mngeta, ambako mtambo wetu ulipima kina cha mto na kuwapigia simu watu wa bondeni maji yakizidi. Masika moja uliungua. Tukafunga mwingine, uliohitaji programu itengenezwe upya kwa kompaila mpya. Meneja wa Kituo aliishusha, intaneti ikakatika kabla ya maktaba. Akachukua maktaba ya zamani kwenye kompyuta ya stoo, akaviunganisha. Programu ikakubali bila lalamiko. Nikatumbukiza kipimo kwenye pipa lililojaa, ikasoma nusu.

"Washa hivyo hivyo," alisema. "Watu wanausubiri."

Mmoja wao alikuwa mlangoni, Masanja, mfugaji wa Kisukuma. "Mama, watoto wako ng'ambo ya mto na ng'ombe. Mtambo unasemaje? Niwatoe?"

Mtambo ukiwa kimya, mtu huutazama mto mwenyewe; mtambo ukimdanganya, anajilalia.

"Siwashi," nilimwambia Meneja. "Masanja, usitusubiri sisi. Kawatoe sasa hivi!"

Meneja alinuna. "Utajieleza Ifakara."

Nilimpigia Mkuu wa Kitengo, yule yule mkorofi wa Ifakara. Jioni trekta lilituletea flashi moja ndani ya mfuko wa nailoni, yenye kompaila na maktaba yake pamoja. Tukaitengeneza programu upya, na safari hii pipa lilisomwa sawasawa. Tukashusha kipimo mtoni; maji yalikuwa yameshazidi, na simu zikaanza kuita bondeni. Ya Masanja iliita akiwa mbele yetu, watoto nyuma yake wamelowa chapachapa. Nililia mbele ya Meneja, wala sikujali.

Sasa nimestaafu, nalima mpunga Kiberege. Vijana wananiambia siku hizi amri moja ya kompyuta inashusha kompaila na maktaba yake pamoja, nami nawapongeza. Lakini kila masika, mtambo ukimpigia, Masanja hunipigia mimi.

"Mama, leo mtambo unasema kweli?"

Namwambia awatoe wajukuu kwanza, ndipo tuulizane.