Kilio Nilichokinasa Kisegi

Mwenye studio kule Nairobi aliniambia wimbo wangu ni wa kawaida tu, ila kile kilio cha mwanzoni ndicho kitakachouza sahani ya santuri. Nilikasirika. Gitaa nilipiga mimi, maneno nilitunga mimi. Kilio peke yake ndicho hakikuwa changu.

Nilikuwa nimekinasa mwaka uliotangulia, kwenye mazishi huko Kisegi, kando ya ziwa. Siku hizo nilitengeneza redio Migori na kupiga gitaa Jumamosi, na mwalimu mmoja alikuwa ameniazima mashine yake ya kunasa sauti. Mjane alizunguka boma akipiga nduru, akimsifu mumewe aliyevuka hadi kisiwa cha Takawiri kwa mtumbwi unaovuja huku akicheka. Nilificha kipaza sauti ndani ya koti. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilijiambia kilio cha matangani ni cha kila mtu, na wakati ule niliamini hivyo kabisa.

Sasa mwenye studio alinisukumia fomu. Ilisema kila sauti iliyomo kwenye sahani ni yangu, au mwenyewe ameniruhusu. Nikashika kalamu. Akanitazama, akaniuliza yule mama ni nani, nami nikababaika. Akaichukua kalamu yake. Alikuwa ameshapelekwa kortini kwa wimbo wa mtu, na hakutaka kurudi huko. Nilete alama ya kidole cha mama huyo kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi yangu apewe mwingine. Kwa miaka sita nilikuwa nimeingoja sahani hiyo.

Jumatano, saa nne asubuhi, nilishuka Kisegi kutoka Homa Bay nikiwa na mashine, fomu na kidau cha wino. Mama alikuwa akianika visamaki vya omena. Alinikaribisha vizuri, akanisikiliza, kisha akataka kuisikia hiyo sauti kwanza. Ombi la haki. Nikaweka mashine juu ya kigoda mlangoni, nikafungua sauti hadi mwisho ili aone ilivyotoka safi.

Mjaluo mzima, niliyezaliwa na kulelewa katika boma, nilisahau kwamba nduru haipigwi mahali ambapo hakuna aliyekufa, maana huita kifo.

Wanawake walitoka mashambani wakikimbia, mikono kichwani. Mzee mmoja, shemeji yake mama, alifika na jembe akiuliza, "Ni kijana? Ni ziwa?" Hapo ndipo nilipojua kwamba mwana wa pekee wa mama huyo alikuwa majini tangu alfajiri. Vidole vyangu vilitafuta kitufe cha kuzima visikione. Mama alisimama kama aliyepigwa, akisikiliza sauti yake mwenyewe kana kwamba inamlilia mwanawe.

Nilipozima, niliomba radhi, nikaanza kufunga mashine. Mzee akasema, "Wewe keti. Utaondoka akirudi."

Tukangoja. Adhuhuri ikapita, hakuna aliyepika. Upepo ulianza kuvuma na wanawake wakawa wanatazama ziwa, kisha mimi, kisha ziwa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Fomu ilikuwa mfukoni na sikuikumbuka hata mara moja. Niliomba Mungu amrudishe kijana nisiyemjua hata sura.

Saa kumi alitokea njiani, kasia begani, ana njaa, akishangaa umati ule. Mama yake alimshika mabega, akamshika uso, akamwachilia. Kisha akanigeukia.

"Ile sauti nilimpa baba yake," akasema. "Kamwombe yeye."

Kaburi lilikuwa kando ya nyumba, nyasi zimeota juu yake. Nilikwenda kwa sababu watu wote walikuwa wakinitazama. Nikasimama pale na aibu yangu. Mwaka mzima nilikuwa nimelala na kuamka na kilio cha mtu huyu, na sikuwahi kuuliza alikufa kwa nini. Nikarudi, nikatoa tepu kwenye mashine, nikampa mjane kwa mikono miwili. Sahani yangu iliishia hapo, nami nilijua.

Aliigeuzageuza kiganjani. Sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu ya kuomba.

"Na yeye mume wangu je, mwanangu? Humu ndani hakuna mahali anapoongea, hata kidogo?"

Nikamwambia hapana. Nilifika akiwa ameshafungiwa kwenye jeneza.