Ndimi za Mvule

Debra Achola alijulikana Manyatta nzima kwa milango yake. Mlango wa Debra haukulegea, haukuburuta sakafu, wala haukuhitaji kupigwa teke mvua zikianza. Kazi hiyo alifunzwa na baba yake huko Pap Onditi, mzee aliyeamini kwamba misumari ni ya watu wenye haraka. Kwa hiyo Debra aliunga mbao zake kwa patasi: ubao huu alitoboa tundu, ule akauchonga ulimi, kisha ulimi ukaingia tunduni kwa kugongwa mara mbili tatu na kutulia humo maisha yake yote.

Mwaka juzi, siku ya mvua, bodaboda aliyopanda iliteleza pale Kondele. Dereva aliinuka na kupangusa suruali. Debra alikuwa ameangukia mkono wa kulia. Mfupa wa kifundo cha mkono uliunga, lakini uliunga vibaya. Tangu hapo, kila alipoinua nyundo na kupiga patasi, maumivu yalimpanda hadi begani na vidole vikafa ganzi.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," watu walimwambia, kanisani na sokoni, mpaka akachoka kuisikia. Kwao hiyo ilikuwa methali. Kwake, koleo lenyewe lilikuwa mkono wake. Akaacha kupokea kazi za milango. Akabaki kupiga msasa na vanishi vitanda vya Wekesa, fundi wa banda la jirani, kwa mkono wa kushoto.

Ndivyo Muchiri alivyomkuta. Muchiri alitoka Murang'a miaka mingi iliyopita na alikuwa na duka la vifaa vya mtumba karibu na soko la Kibuye. Alikuwa amekuja kuchukua kitanda chake.

"Mama, mbona unatumia kushoto na wewe si wa kushoto?" aliuliza.

Debra alimweleza. Muchiri akakuna kidevu.

"Kuna mashine dukani kwangu ilikuja na mzigo kutoka ng'ambo. Hakuna anayejua ni ya nini. Mtu mmoja alitaka kuifanya grainda ya kukatia vyuma, nikamkatalia. Njoo uiangalie."

Debra alikwenda kesho yake, zaidi kwa heshima kuliko kwa matumaini. Mashine ilifanana kweli na grainda, ila mbele ilikuwa na uso bapa wa chuma, na katikati ya uso huo shimo jembamba lenye kekee ndogo ndani yake. Kando yake kulikuwa na boksi la vipande vya mbao, bapa, vyenye kingo za mviringo, vyote sawasawa kama biskuti. Debra aliokota kimoja, akakigeuza, akacheka kwa sauti.

"Hizi ni ndimi, Bwana Muchiri! Ndimi bila mbao!"

Walichomeka mashine kwenye stima. Kekee ilizunguka na papo hapo ikawa inayumba kushoto na kulia. Debra aliegemeza ule uso wa chuma kwenye ubao, mkono mbovu ukiwa umetulia juu ya kishikio, akasukuma kwa mkono wa kushoto na uzito wa bega. Aliporudisha nyuma, ubao ulikuwa na tundu bapa, safi, la kina alichotaka. Akatoboa ubao wa pili vivyo hivyo. Ulimi mmoja ukaingia nusu huku, nusu kule. Hakuna nyundo. Hakuna maumivu. Akauchomoa ule ulimi, akauingiza tena.

Wakakubaliana kwamba Debra angemtengenezea Muchiri kaunta mpya na rafu za duka, na mashine iwe yake.

Baada ya kaunta alipata kazi kubwa: mabenchi ishirini ya kanisa moja huko Usenge. Benchi la kwanza lilimwaibisha. Mbao ziliungana vizuri, lakini kikalio kilipanda upande mmoja, na mguu mmoja ukawa unatazama pembeni. Aliketi chini akakodolea macho lile benchi mpaka chai ikapoa. Hatimaye akaona kosa. Ubao mmoja alikuwa ameuegemezea mashine upande wa nje, mwingine upande wa ndani, na mbao hazikuwa na unene sawa. Akachukua chaki, akatia alama uso wa kila ubao, na kuanzia hapo mashine haikugusa ubao isipokuwa upande wenye chaki. Benchi la pili lilisimama kama askari.

Siku ya tatu akaja Mzee Zacchaeus, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, kukagua. Aliinama, akachungulia kiungo ambacho hakijatiwa gundi, akatingisha kichwa.

"Mama Fundi, huu ulimi hautoki kwa ubao. Ni mgeni, umeingizwa tu katikati. Na watu wetu ni wazito. Wanakaa saba kwa benchi moja."

Debra hakubishana. Alichukua mguu uliokuwa umeungwa na ubao wake kwa ndimi na gundi tangu juzi, akaubana mguu kwenye vaisi hadi ubao ukabaki umejitokeza hewani kama mkono, bila mguu wa pili.

"Kaa hapo mwishoni, Mzee."

"Nikae?"

"Kaa."

Mzee Zacchaeus alikaa kwa woga. Ubao ulinyamaza. Debra akamwita Wekesa, mtu wa miraba minne, akae pia. Wekesa alipoongeza uzito wake kulisikika kishindo, na wanaume wote wawili wakajikuta kwenye vumbi la mbao. Mzee aliinuka akiwa tayari kulalamika, lakini Debra alimwonyesha kwa kidole: ubao ulikuwa umepasuka pembeni, mahali ndimi zilipoishia. Kiungo chenyewe kilikuwa kingali kimeshika.

Mzee alikipapasa kwa muda mrefu. "Nyasaye ber, Mungu ni mwema," alisema. "Basi endelea, mama."

Aliendelea hadi benchi la tisa, ndimi zikamwishia. Muchiri hakuwa na boksi lingine, na Kisumu nzima hakuna aliyekuwa akiziuza. Debra alizunguka maduka siku mbili akarudi mikono mitupu. Ndipo alipoona masalio ya mvule ambayo Wekesa huwapa akina mama wa chapati kama kuni.

Aliyaomba. Wekesa akayapitisha kwenye mashine yake ya kuranda yakawa vibanzi virefu, na Debra akaviringisha kingo kwa randa ndogo kwa mkono wa kushoto, taratibu. Vya kwanza vilikuwa vinene, vikapasua ubao. Vya pili vilicheza ndani ya tundu. Vya tatu viliingia kwa kusukumwa na dole gumba, vikakataa kutoka. Alikata mia tatu.

Mabenchi yalipofika Usenge, kina mama waliokuwa wakianika omena walivuta nyavu zao kando lori lipite, kisha wakafuata kuona. Jumapili hiyo Debra alikaa benchi la nyuma kabisa, akisikiliza kama kuna mlio wowote watu wakiinuka na kuketi. Hakusikia ila nyimbo.

Baada ya ibada mchuuzi mmoja wa samaki aitwaye Rosa alimshika mkono. "Dada, zile meza zetu pale ufuoni zinaoza miguu kila mwaka. Maji kutwa. Hivi viungo vyako vinaweza?"

"Sijui," Debra alimjibu. "Nipe wiki moja."

Jumatatu asubuhi aliunga vipande viwili vya ubao kwa ulimi na gundi aliyoambiwa haiogopi maji, akavingoja vikauke. Jumanne akavitumbukiza kwenye ndoo. Jumatatu iliyofuata alivitoa, akavishika huku na huku, akavipinda kwa nguvu zake zote. Vilikataa kuachana. Akajifuta mikono na kumpigia Rosa simu.